Mwenzake Marinda

Mume wangu aliingia na kamba begani. Kamba nyekundu, nyembamba, imesokotwa vizuri na kukunjwa duara, bado ina harufu ya dukani. Aliishusha taratibu, akaiweka mezani mbele yangu kwa fahari ya mwanamume aliyekumbuka kitu alichoagizwa na mkewe akiwa safarini, kisha akakaa kusubiri shukrani.

Baba mkwe alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akitunga uzi kwenye sindano. Aliinua macho. Akaitazama kamba, akamtazama samaki wake kwenye tangi la kioo, akairudia kamba.

"Mnataka kumfunga," aliuliza, "asitoroke?"

Nilikuwa nimempigia mume wangu simu akiwa njiani. Maneno yangu nayakumbuka: niletee kamba ndogo ndogo, zile nyekundu, ni za samaki wa baba. Akasema sawa. Baadaye alinieleza kwamba safari nzima alikuwa akijiuliza samaki wa baba anataka kamba ya nini, mpaka akaamua kwamba lazima tangi limelegea mahali.

"Kamba wa majini," nikamwambia. "Wale wenye miguu, wanaotembea."

"Ungesema wadogo, ningejua wana miguu. Umesema ndogo. Nimekuletea ndogo. Kubwa zilikuwepo."

Hakukosea, na hapo ndipo paliponiuma. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma masomo ya jioni. Mwalimu wetu alikuwa ametoka tu kutufundisha jinsi maneno yanavyopatana, kwamba mwenye uhai ana viambishi vyake na kisicho na uhai kina vyake, na zoezi lile nililifanya vizuri mpaka akalisoma mbele ya darasa. Kumbe kwenye karatasi nilikuwa hodari; kwenye simu, mtoto akinivuta sketi na sufuria likifoka, kiumbe mzima nilimgeuza uzi.

Na wale kamba, wenye miguu, ndio walioshika hatima ya masomo yangu.

Binti yetu alikuwa na miaka minne wakati huo. Babu yake alimwita Kasuku, kwa sababu hakuna neno lililoingia sikioni mwake likakosa kutokea mdomoni, na mara nyingi lilitokea mbele ya mtu asiyetakiwa kulisikia. Mume wangu ni dereva wa lori. Juma likianza anaondoka, likiisha anarudi. Jirani aliyekuwa akinishikia mtoto jioni alihama ghafla, akaniachia sufuria lake kubwa na pengo ambalo sufuria halikuweza kuliziba.

Tulisomea kwenye shule ya watoto, wenyewe wakishaondoka. Tulikaa kwenye madawati yao, magoti yanatugusa videvu, na mama mmoja mwenye mwili wake alinasa kwenye dawati siku ya kwanza, ikabidi tumvute wawili huku, wawili kule. Nilipapenda pale kuliko nilivyoweza kumweleza mtu. Shule niliiacha nikiwa msichana, na sasa, kila nilipouvuka mlango ule, nilihisi kama ndani ya siku yangu kuna chumba kimefunguliwa ambacho ufunguo wake ninao mimi tu.

Jirani alipohama nilijaribu kwenda na Kasuku. Mwalimu akauliza nani atamtajia kiumbe mwenye uhai. Sauti ikatoka chini ya dawati langu: "Babu. Lakini anakoroma." Darasa likaangua kicheko, mwalimu naye akacheka, kisha kipindi kilipokwisha akaniita pembeni. Aliongea kwa upole. Mtihani umekaribia, wenzangu wanahitaji utulivu, nitafute mtu wa kubaki na mtoto. Asipopatikana, jina langu lisubiri mwaka mwingine.

Mwaka mwingine nilikuwa naujua vizuri. Ndio uliokuwa umenichukulia miaka yangu yote mpaka hapo.

Aliyekuwepo nyumbani ni baba mkwe.

Alikuwa fundi wa nguo za maharusi. Magoti yalipomshinda alifunga duka, akahamia kwetu na vitu vitatu: cherehani, kioo kirefu cha kujipimia, na samaki. Samaki alizawadiwa na bibi harusi wa mwisho kumshonea, kwa sababu mkia wake, akiutandaza, ulifanana na gauni lile. Ni beta, wale wanaoitwa wapiganaji: mwili wa buluu, na mapezi yanayoanza kwa buluu yakiishia kwa wekundu, yamejaa mikunjo kama sketi iliyoshonwa na mtu asiyebania kitambaa. Baba mkwe alimpa jina la Marinda.

Walifanana hao wawili. Marinda hakuvumilia mtu. Kioo kirefu ilibidi kifunikwe shuka, maana akijiona humo alitanua mashavu na kushinda akigombana na nafsi yake mpaka akasahau kula. Baba mkwe naye chumba chake kilikuwa na mpaka usiochorwa, na Kasuku alikuwa amefundishwa kusimama kizingitini kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Si kwamba alikuwa mkali. Alikuwa mtu aliyezoea kufanya kazi akiwa na pini mdomoni, na kwa hiyo hakuzoea kuzungumzishwa.

Nilimwomba kwa heshima zote, nimepiga magoti karibu na kiti chake. Jioni chache tu, baba. Mpaka mtihani upite. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba yeye na samaki wake wanaelewana kwa sababu kila mmoja ana tangi lake. Mtoto ana tangi lake huko kwetu. Tusichanganye maji.

Kasuku alikuwa kizingitini.

"Babu, Marinda alikwambia hataki rafiki?"

"Hahitaji kuniambia."

"Ulimuuliza?"

Mzee yule alibishana na mama wa maharusi maisha yake yote wala hakuna aliyewahi kumshinda. Aligeuza kitambaa alichokuwa nacho, akakigeuza tena, halafu akasema haya, nileteeni kiumbe atakayekaa na Marinda juma zima bila kung'olewa kitu. Akikaa, na wewe utakaa na mimi mama yako akienda kusoma. Asipokaa, msinisumbue tena.

Nadhani alisema vile ili tuondoke. Mimi nilisikia kitasa kikizungushwa.

Muuza samaki alikuwa na kibanda kilichobanwa kati ya saluni na fundi wa simu. Aliuza samaki wa mapambo, chakula cha ndege na vifuniko vya simu, na kwa vyote vitatu jibu lake lilikuwa moja: inategemea na mwenyewe. Nilimuuliza kama naweza kumletea Marinda beta mwenzake. Aliniangalia kama mtu niliyemwomba wembe nimpe mtoto achezee. Hao wakionana, alisema, unabaki na mmoja, na huyo mmoja unabaki naye nusu. Nikamwonyesha wale wadogo wanaong'aa, wanaogeuka pamoja kama wanaoamriwa na filimbi. Akasema wazuri, lakini hawaishi bila kundi lao, na kundi linataka nafasi. Tangi lenu linachukua ngapi? Nikamwambia ndoo moja, na kidogo ya kuongezea. Akatikisa kichwa. Kwa tangi hilo ni kamba wadogo au konokono. Kamba ni bahati, wengine wanawaacha na wengine wanawafanya kitoweo. Inategemea na mwenyewe.

Siku ile kamba walikuwa wamemwishia. Ndiyo maana nikampigia simu mume wangu, na ndiyo maana tukapata kamba ya kurukia. Kasuku aliiruka uani juma zima, chini ya dirisha la babu yake, akihesabu kwa sauti kubwa na kuruka kila namba asiyoipenda.

Kamba wenyewe walipofika kwa muuza samaki nilikwenda kuwachukua kwenye mfuko wa maji, nikauacha uelee juu ya tangi mpaka maji ya ndani yakapatana na ya nje, kama nilivyoelekezwa. Hawakuwa wekundu nilioutaka, walikuwa wa kioo, unaona chakula kikipita tumboni. Walizama kwenye majani na kupotea. Marinda alipita juu yao akiburuta mapezi yake, haangalii chini, mfano wa bibi mkubwa anayekatiza ukumbini. Nikalala na matumaini. Asubuhi tukakuta mguu mmoja juu ya mchanga, na Marinda amenona.

Kasuku alishika simu baba yake alipopiga, akamtangazia kwamba Marinda amekula kamba.

"Yote?" mume wangu aliuliza. "Mbona ilikuwa ndefu."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu kicheko kikageuka, nikaingia jikoni na kufungulia maji ili yapige kelele. Mwalimu alikuwa ametaja siku ya kupeleka majina.

Nilipotoka, baba mkwe alikuwa amesimama ukumbini, amevaa viatu. Viatu vyake vya kutokea sikuwa nimeviona tangu ahamie. Alisema anataka kwenda nami kwa huyo muuza samaki, kuhakikisha kwamba sitaleta kiumbe mwenye ujanja. Tulikwenda polepole kwa ajili ya goti lake, Kasuku akitangulia na kurudi kama mbwa mdogo.

Pale kibandani alikagua matangi kama anayekagua vitambaa. Huyu mkia umekatwa upogo. Yule rangi yake ni ya kuchovya, haidumu. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya samaki wadogo wenye mikia mipana ya rangi ya machungwa, na kwa kweli nilikuwa nimekata tamaa kiasi cha kutaka kubeba chochote kinachoelea. Akaja nyuma yangu.

"Usichukue hao, mkwe."

Nikamuuliza kwa nini.

"Umeshaona mwanamke amepamba sherehe nzima kwa gauni lake, halafu anaingia mwingine na gauni kama lile? Nimeshaona. Nilishona yote mawili, sikujua wanajuana." Aligonga kioo kwa kucha. "Marinda akiona mkia kama wake hatauliza jina. Tafuta aliyevaa vibaya."

Ni baada ya miaka, Kasuku akiwa ameshanizidi urefu, ndipo nilipojiuliza ilikuwaje mtu aliyetaka nishindwe akanizuia kukosea. Siku ile nilifurahi tu kupata mawazo. Tulichagua konokono. Alikuwa na gamba la kahawia lenye mistari myeusi, lililozunguka kama kifungo cha koti kuukuu, na hapana shaka alikuwa amevaa vibaya kuliko wote mle ndani.

Muuza samaki alitushauri tuhamishe majani na mawe kabla ya kumwingiza, ili Marinda aone tangi ni geni na asijione mwenye nyumba. Baba mkwe alikataa katakata kwamba samaki wake ahamishiwe samani. Kisha, tukiwa jikoni, tulisikia mawe yakigongana ndani ya maji.

Juma likaanza. Marinda alimwona mgeni, akatanua mashavu, akatandaza kila alichonacho. Konokono hakuona kitu. Alikuwa anakula uchafu wa kioo. Marinda akamdonoa pembe. Konokono akaingia ndani na kuvuta kifuniko chake, kama mwenye duka aliyesikia fujo barabarani. Marinda akangoja. Alingoja sana, akasahau alichokuwa akingojea, akaenda zake. Kifuniko kikafunguka kidogo.

Kasuku alipeleka habari nyumba nzima. Ametoka. Amefunga. Ametoka tena. Amejisaidia, Babu, umeona? Bila mtu yeyote kutangaza, alikuwa sasa anasimama ndani ya kizingiti, kisha pembeni ya cherehani, kisha juu ya kigoda ambacho sijui kilifikaje pale. Baba mkwe alijifanya hamwoni. Ila alianza kumlisha Marinda kabla ya sisi kunywa chai, na tena kabla hatujala mchana, akisema kwamba samaki mwenye njaa hawezi kupimwa tabia kwa haki.

Katikati ya juma konokono alifunga asifungue.

Siku ya kwanza tulisema amelala. Siku ya pili Kasuku alimwimbia. Jioni nilipita karibu na tangi nikasikia harufu, hafifu, ya kitu kilichosahaulika kwenye chombo chenye maji. Nilijua. Baba mkwe alikuwa amekaa pale pale, mikono magotini, hatazami tangi wala hanitazami mimi. Nilikwenda kupiga pasi sare ya mume wangu, na huku napiga pasi nikawa napanga nitakavyomwambia mwalimu: kwamba nimekubali, jina langu lisubiri. Niliyapanga maneno hayo vizuri, yakapatana kila mahali.

Asubuhi Kasuku alinivuta kitandani kwa kidole gumba cha mguu.

Konokono alikuwa katikati ya kioo, anapanda. Anapanda kwa kasi, kama konokono anaweza kusemwa hivyo, pembe zote mbili mbele, shingo nje. Marinda alikuja akamdonoa gambani. Konokono hakusimama hata kuuliza ni nani. Marinda akamdonoa tena, akaona aibu, akageuka.

Nilisogea karibu. Gamba lilikuwa la manjano. Mistari haikuwepo.

"Baba," nilisema, "huyu konokono jana alikuwa na mistari."

Baba mkwe alikuwa anapaka nta uzi wake. "Imepauka," alijibu. "Maji yanapausha."

"Na amekuwa mdogo," alisema Kasuku.

"Nguo ikiingia maji hurudi. Inapungua. Muulize mama yako."

Kasuku alinitazama. Nilikubali kwa kichwa kwamba nguo ikiingia maji hupungua. Nilikwenda kutupa maganda ya viazi, na kwenye pipa la taka nikakuta mfuko wa plastiki wa muuza samaki, bado una matone. Ulikuwa umekunjwa pembe tatu, kingo zimekutana sawasawa, jinsi mafundi wanavyokunja mabaki ya vitambaa. Karibu na mlango viatu vya kutokea vilikuwa vimegeuziwa ukutani, na nyayo zake zina udongo mbichi.

Yaliyotokea kibandani alinieleza muuza samaki mwenyewe, siku nyingi baadaye, nilipokwenda kununua chakula. Alisema alipofika kufungua alfajiri ile alimkuta mzee mlangoni, ameegemea ukuta, akipumzisha goti. Mzee hakutaka konokono mzuri. Alitaka konokono mgumu. Alimshika mmoja mmoja akavuta na kugeuza kama anayejaribu vifungo, akauliza yupi hang'oki hata akivutwa na mtoto. Muuza samaki akamwambia inategemea na mwenyewe. Mzee akamjibu kwamba safari hii hakuna kutegemea, kuna mtu anatakiwa kwenda shule.

Juma likaisha, pembe zote zikiwa mahali pake. Nilimkuta baba mkwe mchana ule amevaa koti, kana kwamba anatoa ushahidi.

"Nimeshindwa, mkwe," alisema. Sijasikia mtu akilisema neno hilo kwa kuridhika namna ile. "Neno ni neno. Mlete mtoto jioni. Aje amekula, na asiguse mkasi."

Kasuku alifika na mto wake, blanketi, na ile kamba nyekundu, kama anayehamia. Hakuniaga. Alipanda kigoda, akabandika pua kwenye kioo cha tangi. Niliwatazama migongo yao, mmoja umepinda na mwingine bado haujajifunza kunyooka, nikavaa viatu haraka kabla mtu hajabadili mawazo.

Nilikuwa nimeshafika getini nilipokumbuka kwamba sikuchukua kalamu. Nikarudi kwa kunyata. Dirisha la baba mkwe lilikuwa wazi, na cherehani ilikuwa inakwenda, kipande kwa kipande, anashona kitu kidogo.

"Babu," ilikuwa sauti ya Kasuku. "Yule konokono mwingine yuko wapi?"

Cherehani ikasimama.

Nilisimama nayo. Nilimsikia mzee akivuta pumzi, akisogeza kiti, akitafuta kitu juu ya meza ambacho nadhani hakikuwepo.

"Amekwenda darasani," alisema.

"Darasa la jioni?"

"La jioni."

Kasuku alilifikiria hilo. Chini ya dirisha, nilijiziba mdomo kwa mkono.

"Basi atachelewa," alisema. "Wa darasa la jioni wanachelewa. Tusifunge mlango."

"Hatufungi," baba mkwe alisema, na cherehani ikaanza tena.

Nikarudi getini polepole, nikaenda bila kalamu.